Wingu la Nyumbani: Kumbukumbu za Mgodi Katika Kompyuta Tatu

Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likaenea katika mashamba na makazi ya jirani. Mabwawa ya namna hii huchunguzwa kwa kupima mara kwa mara kimo cha maji ndani ya ukingo, kisha kukilinganisha na vipimo vya miezi iliyotangulia. Kimo cha juzi hakiwezi kupimwa leo. Kumbukumbu yake ikipotea, imepotea. Kwa sababu hiyo mahali pa kuhifadhi tarakimu hizo si jambo dogo.

Siku hizi kumbukumbu nyingi huwekwa katika kile kiitwacho "wingu". Jina hilo linapotosha, kwani wingu hili halielei angani. Ni majumba yenye maelfu ya kompyuta, aghalabu katika nchi za mbali, yanayofikiwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi kadhaa za jirani. Siku kama hiyo ofisi iliyoweka vipimo vyake ng'ambo yaweza kushindwa kuvisoma, ijapokuwa bwawa lenyewe laonekana dirishani.

Njia nyingine ni wingu binafsi, yaani kompyuta za taasisi yenyewe, katika jengo lake, zinazoendeshwa kwa programu huria. Programu ya namna hiyo ina maagizo yaliyo wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyarekebisha, na aghalabu haitozwi ada ya leseni. Si kitu kigeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye maelezo ya Kiswahili.

Mahali kama Mwadui, kompyuta tatu zenye nguvu ya kadiri zingetosha kuanzia. Kila moja huwekewa Linux, ambayo tangu mwaka 2007 imo ndani yake KVM, sehemu inayoigawa kompyuta moja kuwa kompyuta pepe kadhaa. Moja hushika vipimo vya bwawa, nyingine kumbukumbu za hospitali, nyingine mishahara, na kila moja hujiona iko peke yake. Proxmox husimamia mgawanyo huo. Nextcloud, iliyoanza mwaka 2016, humpa mtumishi majalada yake kwa kompyuta au simu.

Kwa nini tatu, wala si mbili? Wafikiriwe wazee wawili wanaotunza mali ya ukoo katika nyumba mbili. Njia ikikatika, kila mmoja atadhani mwenziwe amefariki, naye ataanza kugawa mifugo peke yake; njia ikifunguliwa, ng'ombe mmoja ana wenyewe wawili. Kompyuta mbili zisizosikiana huharibu kumbukumbu kwa namna iyo hiyo. Zikiwa tatu, zile mbili zinazosikiana ndizo zilizo wengi, nazo huendelea na kazi. Iliyotengwa hulazimika kunyamaza.

Diski za kompyuta hizo huunganishwa na programu iitwayo Ceph, ambayo kwa kawaida huandika kila kitu mara tatu. Gharama yake ni wazi: terabaiti 4 katika kila kompyuta hufanya 12 kwa jumla, lakini nafasi ya kutumia haizidi 4, na si busara kuijaza yote.

Hata hivyo nakala hizo tatu si akiba, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Karani akifuta jalada, hufutika kote mara moja. Yahitajika nakala nyingine, iliyofungiwa mbali, mathalani mjini Shinyanga, na isiyounganishwa na mtambo wakati wote.

Ada ya leseni isiyolipwa hugeuka kuwa kazi ya watu. Vumbi la machimbo huziba feni. Umeme ukikatika yahitajika betri ya kuzima mitambo kwa utaratibu. Na fundi mmoja hatoshi, maana naye huenda likizo. Nakala ya Shinyanga nayo hurejeshwa kwa majaribio katika kompyuta tupu, na vipimo vilivyorudi hulinganishwa na daftari la mpimaji, mstari kwa mstari.