Asidi inayorudi na isiyorudi

Mkulima wa pamba akibeba bomba mgongoni anajua kwamba dawa iliyodondokea udongo mtupu ni pesa iliyopotea. Katika kiwanda cha shaba cha Shituru, mjini Likasi katika Katanga, Kongo, hesabu ni hiyo hiyo, ila dawa yenyewe ni asidi salfuriki na shamba ni matangi.

Kiwanda hicho kilianza kuzalisha shaba kwa njia ya umeme mwaka 1929, enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, kikaja kuwa cha kampuni ya Gécamines. Mawe ya kijani, yaani malakaiti, husagwa na kuloweshwa katika asidi mpaka shaba iyeyukie majini. Kikemia, tani 1 ya shaba iliyomo kwenye malakaiti hudai tani 1.54 za asidi. Ni nyingi, lakini ni mkopo: umeme unapoigandisha shaba kwenye mabamba, tani zile zile 1.54 huzaliwa upya, na maji yake hurudishwa kulowesha mawe mengine.

Mla bila kulipa ni dolomaiti, jiwe linaloandamana na madini mengi ya Katanga. Tani yake 1 humeza asidi tani 1.06 hivi, ikaacha gesi, jasi na chumvi ya magnesi. Tuseme una shehena mbili, zote zina shaba asilimia 3. Ya kwanza ina dolomaiti asilimia 2, ya pili asilimia 20. Kwa kila tani ya shaba, ya kwanza itakupotezea asidi tani 0.7, ya pili tani 7. Anayenunua mawe kwa kutazama shaba peke yake amenunua hasara. Kwangu mimi, kipimo cha maabara kabla jiwe halijafika kwenye tangi kina thamani zaidi kuliko vali yoyote ya kisasa ya kupimia asidi.

Ukizidisha asidi, unalipa tena. Kila tani ya ziada itakayotoka na majitaka hudai chokaa iliyochomwa tani 0.57 ili ipoteze ukali wake. Likasi imebahatika: jiwe la chokaa liko Kakontwe, mjini hapo hapo. Majitaka yasiyosafishwa hubeba pia metali, na kutoka viwanda vya Likasi yamefuata mto Panda hadi ziwa Tshangalele, ambako watafiti wamepima shaba na kobalti kwenye tope na kwenye samaki. Gharama hiyo huilipa familia inayokula samaki hao, na haimo katika daftari lolote la kiwanda.