Maji ya tangi la samaki yakipanda joto: tafuta chanzo kabla ya kutia barafu

Kaskazi ikishika, hasa Februari na Machi, joto la mchana hapa Mombasa hufika nyuzi 32 na kupita. Binadamu ana feni, ana kivuli cha mwembe na jioni ana upepo wa baharini. Samaki aliyewekwa kwenye tangi la kioo sebuleni hana pa kukimbilia. Ndio msimu ambao mtu huamka asubuhi akakuta samaki aliowalea mwaka mzima wanaelea, na watoto wanauliza kimewapata nini.

Mara nyingi samaki hao hawakufa kwa joto lenyewe. Wamekufa kwa kukosa hewa. Maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yenye nyuzi 20, huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.5 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki, kwa kuwa joto lake hufuata la maji, hufanya kazi kwa kasi zaidi na kudai oksijeni zaidi. Mahitaji yapanda, akiba yashuka. Juu ya hayo, amonia itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula huwa na sumu kali zaidi maji yanapokuwa moto.

Dalili yake haifichiki. Samaki huja juu na kuhema kwa midomo, matamvua yakipigapiga haraka. Wengine hujikusanya pale mapovu ya pampu yanapotokea. Ukiona hivyo, washa pampu ya hewa hata kama ulikuwa umeizima, na usiwape chakula siku hiyo.

Lakini joto gani ndilo limezidi? Hapo inategemea samaki wako. Samaki wa dhahabu, ambao asili yao ni China, hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 24, kwa hivyo hapa Pwani wanaishi kwa shida karibu mwaka mzima. Gapi na wengi wa samaki wa nchi za joto hustarehe kati ya 24 na 28. Diskasi wa Amazon hutaka 28 hadi 30. Kabla ya kununua samaki, uliza jambo hili kwanza, rangi baadaye.

Sasa tuje kwenye kutafuta chanzo. Kifaa unachohitaji ni kipimajoto cha maji. Pima maji na hewa ya chumba mara tatu kwa siku: alfajiri, saa nane mchana na saa tatu usiku. Andika kwa siku mbili au tatu, kisha soma mwenendo wake.

Ikiwa alfajiri maji yana joto kuliko chumba kwa nyuzi kadhaa, chanzo kimo ndani ya tangi au kimeungwa nalo. Mshukiwa wa kwanza ni hita. Kidhibiti chake hunasa, ikawa yawaka bila kuzima. Hita ya wati 100 ikinasa kwenye tangi la lita 40 yaweza kupandisha maji karibu nyuzi 2 kwa saa moja. Chomoa plagi kwanza, ndipo utie mkono majini. Pwani yetu, kwa samaki wengi wa nchi za joto, hita haina kazi miezi ya kaskazi, itoe kabisa. Mshukiwa wa pili ni pampu inayozama majini, kwani mota yake hutoa joto, na ikiziba uchafu hutoa zaidi. Ioshe.

Ikiwa maji yapanda ghafla saa fulani tu za mchana, tazama jua. Dirisha la magharibi huingiza jua la alasiri moja kwa moja kwenye kioo. Sogeza tangi au teremsha pazia. Ikiwa yapanda jioni baada ya kuwasha taa ya tangi, punguza saa za taa, acha kifuniko wazi kidogo, au weka taa za LED ambazo hazitoi joto jingi.

Na ikiwa maji yafuata joto la chumba, yakipanda nacho na kushuka nacho, basi tatizo ni nyumba. Chumba chini ya bati lisilo na dari huwa kama tanuri. Hapo tangi lihamishwe chumba chenye upepo, lisiegemee ukuta unaopigwa na jua. Kumbuka pia kwamba tangi dogo hupata moto haraka kuliko kubwa.

Chanzo kikishashughulikiwa, maji yapozwe vipi? Jibu wazee wetu walikuwa nalo jikoni. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu unyevu hupenya ukutani mwake na kukauka nje, na kule kukauka huondoka na joto. Fanya vivyo hivyo: ondoa kifuniko, weka wavu samaki wasiruke nje, kisha elekeza feni ndogo juu ya maji. Yaweza kushuka nyuzi 2 hadi 4. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoa joto zaidi ya mara tano ya linaloondolewa na lita moja ya barafu ikiyeyuka. Siku za unyevunyevu mwingi hewani, feni haitasaidia sana.

Maji yatapungua, kwa hivyo yaongeze kila siku. Maji ya bomba yenye klorini yakae ndooni usiku kucha, wazi, kabla ya kutumika. Wenye tangi la maji ya bahari waongeze maji yasiyo na chumvi, kwani kinachopaa ni maji peke yake na chumvi hubaki nyuma.

Barafu ni ya dharura tu. Usiitupe majini, igandishe ndani ya chupa iliyofungwa, uielee juu ya maji. Kwa tangi la lita 40, chupa ya nusu lita yatosha kushusha kama nyuzi moja. Ngoja, pima, ndipo uongeze nyingine. Joto likishuka ghafla samaki hupata mshtuko na kuandamwa na maradhi, hivyo usipitishe nyuzi 2 kwa saa chache.

Stima ikipotea, feni na pampu husimama pamoja. Pampu ndogo ya betri ni akiba nzuri. Ukiwa huna, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine tena kutoka juu kidogo, dakika chache kila mara, ili yachanganyike na hewa. Na msimu wote wa kaskazi, punguza chakula na usijaze tangi samaki wengi. Kumi wakipumua vizuri wana faida kuliko ishirini wanaogombania hewa.