Kabla hujakopa kuongeza kuku, tafuta kwanza mashine inabana wapi

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana mmoja anayetotolesha vifaranga. Alishajaza fomu za mkopo wa kununua kuku wazazi arobaini na alitaka nimwambie tu aina gani ni nzuri. Nikamwambia usisaini, nakuja.

Nilikuta mashine moja ya trei 12, na stoo yenye mayai ya siku kumi yakisubiri nafasi. Wengi wenu mnajua, yai la kutotolesha likipita siku saba stoo, uwezo wake wa kuanguliwa unaanza kushuka. Sasa huyu anataka kuku zaidi ili apate mayai zaidi ya kuozea stoo! Kinachobana biashara yake ni nafasi kwenye mashine, kuku hawana kosa.

Kuna hesabu inayofaa kwa hali kama hii. Ilielezwa na Eliyahu Goldratt, Mwisraeli ambaye alikuwa mwanafizikia na wala si mhasibu, kwenye riwaya ya kiwanda inayoitwa The Goal, ya mwaka 1984. Inasema hivi: kila biashara ina sehemu moja inayobana kuliko zote, na pesa yako yote inapitia hapo. Kwenye mauzo toa gharama zile tu zinazoongezeka kila unapoongeza bidhaa moja. Kinachobaki kinaitwa thruputi, mimi nitasema "pesa inayobaki". LUKU, mshahara wa kijana wa usiku na kodi ya chumba usizigawe kwa kila kifaranga. Hizo unalipa hata trei zikiwa tupu, basi ziweke pembeni uzitoe mara moja mwisho wa mwezi.

Tuweke namba. Ni za mfano, wewe weka za sokoni kwako. Yai la kuku wa kienyeji ni sh. 500, kifaranga kinauzwa 1,500, chanjo ya mahepe na boksi ni 100 kwa kifaranga, na kati ya mayai 100 yanaanguliwa 75. Kila yai unaloingiza linakuachia sh. 550. Bata mzinga: yai 3,000, kifaranga 6,500, chanjo na boksi 100, yanaanguliwa 60 kwa mia. Yai moja linakuachia sh. 840. Kijana wangu alikuwa ameishia hapo, akawa anawapa bata mzinga nafasi ya kwanza.

Twende mbele kidogo. Trei inabeba mayai 88 ya kuku, lakini ya bata mzinga ni 63 kwa sababu ni makubwa. Trei ya kuku inaacha 48,400, ya bata mzinga 52,920. Bado bata mzinga anaongoza, si ndiyo? Subiri. Kuku anatoka siku ya 21, bata mzinga siku ya 28. Gawa kwa siku: trei ya kuku inakupa kama sh. 2,305 kwa siku, ya bata mzinga 1,890. Kwa trei 12 tofauti ni karibu laki moja na nusu kwa mwezi, na mashine ni ileile. Alinyamaza kidogo, akaniomba nirudie hesabu.

Kwa hiyo unapochagua bidhaa, gawa pesa inayobaki kwa kile kinachobana. Kwake ni siku za trei. Kwako wa nyanya inaweza kuwa lita za maji ya kisima, au siku za vibarua wakati wa kuvuna.

Kuna jambo lingine lilinisikitisha. Miezi ya nyuma, trei nusu zikiwa wazi, alikataa oda ya vifaranga wa kienyeji kwa sh. 1,300, eti kifaranga kinamgharimu 1,350. Hiyo 1,350 ilikuwa na umeme na mshahara ndani yake, ambavyo alilipa vilevile. Kwa 1,300 kila yai lingemwachia sh. 400, yaani 35,200 kwa kila trei iliyokaa bure. Oda hiyohiyo ikija leo mashine imejaa, ningemwambia akatae. (Angalia tu usiwazoeshe wateja wako wa kila siku bei ya chini.)

Tulianza na visivyohitaji mkopo. Kumulika mayai siku ya saba na kutoa yasiyo na mbegu, nafasi inapatikana. Kuhamishia mayai ya kuku kwenye sehemu ya kuangulia siku ya 18, maana kugeuzwa kumeshaisha, badala ya kuyaacha kwenye trei za juu mpaka 21. Kupokea mayai ya wiki hiyo tu. Na betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika hapa unapoteza pesa ya biashara nzima. Akifikisha 80 kwa mia tu, mashine iliyojaa inaongeza sh. 73,920 kila mzunguko.

Yote yakifanyika na oda bado zinazidi, hapo tutaongea mkopo, na utakuwa wa mashine ya pili. Ila mashine ikija, kinachobana kitahama, huenda kiwe banda la kulelea au wateja wenyewe, na hesabu ya bata mzinga itabidi ianze upya. Nimemwachia daftari aandike kila oda anayoikataa na sababu yake. Narudi kwake mwezi ujao kulisoma.