Kwa nini njia ya intaneti haifai kuwa na upendeleo

MKULIMA wa Kitale anayetaka kujua bei ya mahindi hununua data kwa simu yake kama anavyolipa nauli ya matatu. Akishalipa, hatarajii kondakta amshushe katika duka la rafikiye badala ya sokoni alikonuia kwenda.

Hiyo ndiyo kanuni ya usawa wa mtandao: kampuni inayouza intaneti ipitishe barua pepe, habari na picha zote kwa masharti yale yale, bila kuzuia, kuchelewesha wala kupendelea.

Kenya imewahi kuonja madhara ya lango kumilikiwa na mmoja. Hadi 2004, Telkom Kenya ilikuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ng'ambo. Barua pepe ya kwenda kwa jirani aliyehudumiwa na kampuni nyingine ilizunguka ughaibuni kwa setilaiti kabla ya kumfikia.

Novemba 2000, makampuni ya intaneti yalifungua jijini Nairobi kituo cha KIXP ili yabadilishane mawasiliano humu humu nchini. Telkom ilidai haki yake imekiukwa, na Tume ya Mawasiliano (CCK) ikaamuru kituo kifungwe mwezi uliofuata. Kilifunguliwa tena mapema 2002, safari hii kikiwa na leseni.

Leo njia za kwenda ng'ambo ni nyingi. Mjadala umehamia kwingine. Mnamo 2014, Airtel na Facebook zilileta huduma ya kurasa chache zisizolipiwa. Waliounga mkono walisema maskini amepata pa kuanzia. Waliopinga walihofia kwamba hatatoka nje ya kurasa hizo. India ilipiga marufuku mipango ya aina hiyo mwaka wa 2016.

Kisha Novemba 2024, Telegram ilizimwa wakati wa mtihani wa KCSE ili kukabili udanganyifu. Aliyeitumia kwa biashara halali mjini Bungoma alifungiwa sawa na mlaghai.

Kanuni za ushindani za 2010 zilikataza wenye leseni kubagua wateja, ila Kenya haijatunga sheria mahususi ya usawa wa mtandao. Kisa cha KIXP kinaonyesha kwamba mkono unaofungua lango ndio huo huo unaoweza kulifunga. Ndiyo maana masharti ya kulifunga yanastahili kuandikwa katika sheria, mkulima wa Kitale ayajue kabla hajalipa.