Hamlet: Wazimu wa Kweli au wa Kujifanya?

Wengi wa wasomaji wetu wanamfahamu Shakespeare kwa "Mabepari wa Venisi", kitabu alichokitafsiri Mwalimu Nyerere. Katika mchezo wake mwingine, "Hamlet", ulioandikwa yapata mwaka 1600, limo swali ambalo wasomi wangali wakibishana juu yake: je, yule mwana wa mfalme wa Denmark alirukwa na akili, au alijifanya tu?

Askari watapendezwa kujua kwamba kisa hicho kinaanzia lindoni. Walinzi wa zamu ya usiku katika ngome ya Elsinore ndio waliotangulia kuuona mzimu wa marehemu mfalme. Mzimu huo ukamwambia Hamlet kwamba mfalme aliuawa kwa sumu na nduguye Claudius, ambaye sasa amekalia kiti chake na kumwoa mjane wake. Usiku ule ule Hamlet akawaonya wenzake kwamba huenda akafanya vituko, akawaapisha juu ya upanga wake wasitoe siri. Tangu hapo, akiwa na wapelelezi wa mfalme hupayuka; akiwa na rafikiye Horatio husema kwa busara. Mwendawazimu wa kweli hachagui msikilizaji. Mtazame Ophelia, ambaye akili zilimruka baada ya Hamlet kumwua baba yake, Polonius: yeye huimba mbele ya yeyote, hata akafa maji.

Lakini kujifanya huko kulikuwa na faida gani? Katika hadithi ya kale iliyoandikwa na Saxo Grammaticus yapata mwaka 1200, kijana Amleth alijitia upumbavu ili ami yake asimwue, maana mauaji ya baba yake yalijulikana na wote. Kwa Shakespeare mauaji ni siri. Vituko vyenyewe ndivyo vinavyomzindua Claudius, akaweka majasusi. Hila iliyomwokoa Amleth ikamponza Hamlet.

Sisi twaona kwamba wazimu ulikuwa wa kujifanya, na huzuni ndiyo iliyokuwa ya kweli. Hata hivyo liko jambo moja gumu. Kabla ya pambano la mwisho, Hamlet anamwomba radhi Laertes, mwana wa Polonius, akidai kwamba aliyemkosea si yeye, bali ni wazimu wake. Ikiwa alijifanya, basi anamdanganya yatima mbele ya baraza zima, naye mwenyewe amekaribia kufa. Na Laertes, aliyekwisha kula njama ya upanga wenye sumu, anamjibu kwamba moyo wake umeridhika.