Hesabu ya mbu: siku 12 Mbamba Bay, siku 28 Umatengo

Mbu jike wa Anofelesi akimnyonya mgonjwa wa malaria leo, hawezi kuambukiza kesho. Vimelea lazima vikomae kwanza ndani yake, na kasi ya kukomaa huamuliwa na joto. Kanuni ya wataalamu ni fupi: chukua joto la wastani, toa 16, kisha gawanya 111 kwa kinachobaki. Kwenye nyuzi joto 25 jibu ni siku 12. Kwenye 20, siku 28.

Ziwa Nyasa, ambako Mbamba Bay iko mwambaoni, liko chini kidogo ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, inapita 1,300. Kila mita 100 za kupanda hupunguza takriban nyuzi 0.6, hivyo tofauti hufika nyuzi 5: tuseme 25 mwambaoni na 20 mlimani. Tuseme pia kila siku mbu 90 kati ya 100 hunusurika. Mwambaoni, 28 watafikisha siku 12. Mlimani, 5 tu watafikisha siku 28.

Nafuu hiyo ya mlimani ni tete. Joto likipanda kutoka 20 hadi 22, muda unashuka hadi siku 18 na nusu, na wale 5 wanakuwa 14. Tena watu wasiozoea malaria huwa na kinga ndogo.

Silaha kubwa, basi, ni kufupisha maisha ya mbu. Chandarua chenye dawa kikifanya wanusurike 80 badala ya 90 kila siku, wale 28 wa mwambaoni wanabaki 7. Kijiji cha watu 3,000, kwa kipimo cha chandarua kimoja kwa watu 1.8, kinahitaji 1,667. Kwa dola 2 kimoja na miaka 3 ya matumizi, ni senti 37 za dola kwa mtu kwa mwaka, bila usafirishaji. Vyandarua huchakaa, ndiyo maana Ruvuma, Lindi na Mtwara zilianza kuvigawa kupitia shule mwaka 2013.

Dawa ya viluwiluwi, inayotengenezwa Kibaha, ina hesabu nyingine. Ikinyunyizwa kila wiki kuanzia Novemba hadi Aprili, ni mizunguko 26 ya vibarua. Inalipa pale madimbwi yalipo machache, ya kudumu na yanayojulikana. Kwingine, shilingi ya kwanza iende kwenye chandarua.