Picha za Mtaa na Wenye Mtaa Wao

Ukitaka kujua kama aliyechora uswahilini ameishi humo au amepita tu na kamera yake, tazama ndoo. Bombani kwetu Tandika, Dar es Salaam, ndoo hazikai foleni bila jina. Hii ina tone la rangi ya kucha, ile imefungwa kipande cha kanga kwenye mshikio, nyingine ina herufi zilizochomwa kwa msumari wa moto. Mwenyewe huenda amerudi nyumbani kugeuza vitumbua, lakini foleni inamtambua na hakuna wa kumruka. Mchoraji asiyelijua hilo ataweka ndoo za bluu zinazofanana zote. Picha itapendeza, ila mtu wa Tandika ataiangalia mara moja na kuendelea na safari yake.

Ninachora mitaa ya Temeke kwa rangi ya mafuta, kwa mtindo wa Tingatinga. Wengi wakilisikia jina hilo wanawaza twiga, chui na ndege wenye mikia mirefu. Sawa, wanyama ndio waliouzika tangu mwanzo na ndio wanaouzika hadi leo. Lakini mtindo wenyewe umezaliwa mjini, na umezaliwa kwa vitu vya mjini. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, alitoka kwao kutafuta maisha kama walivyotoka baba zetu. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu hapa Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwaka 1968 hakwenda kutafuta turubai wala rangi za wasanii. Alichukua hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, vitu ambavyo fundi yeyote angevipata dukani. Picha aliziuza Morogoro Stores, Oysterbay, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wageni wenye pesa ya kununua picha.

Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alilokuwamo, wakidhani ni la majambazi, akafa. Alichora miaka minne tu. Mtu akiniambia kwamba sanaa inahitaji miaka mingi ili ikae, namtajia miaka hiyo minne. Wanafunzi wake, wengi wao jamaa na watu wa kwao kusini, waliendelea palepale, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Katika waliofuata wapo waliogeuza macho kutoka kwa wanyama hadi kwa binadamu. Mohamed Charinda alijaza picha zake visa na masimulizi. Maurus Malikita anajulikana kwa picha zilizosongamana watu, mitaa na hospitali ambamo kila mtu yuko katika shughuli yake. Mimi nimefuata njia ya hao.

Rangi ya mafuta inataka subira. Kwanza napaka anga na ardhi, naacha zikauke usiku kucha. Kesho yake napanga mtaa kwa chaki, kisha nakwenda na mabati, kuta na barabara ya vumbi, kila rangi mahali pake, kwa kuwa ukigusa iliyo mbichi unaharibu mbili kwa pamoja. Watu huja baadaye, na mwisho kabisa brashi nyembamba kwa vitu vidogo: maua ya kanga, matundu ya jiko la mkaa, mistari ya rangi ubavuni mwa daladala. Mistari hiyo si pambo. Ndiyo inayomwambia abiria gari linakwenda wapi, kwa hiyo ukikosea rangi umewapeleka watu Gongo la Mboto wakati wao wanakwenda Mbagala Rangi Tatu.

Katika mtindo wetu nyumba ya nyuma haipungui ukubwa kwa kuwa iko mbali. Waliosoma shule za sanaa wanaona hiyo ni dosari. Kwangu ndiyo sababu ya kuupenda. Chukua nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na nje barazani wazee wanacheza bao. Nikifuata kanuni za umbali nitabaki na baraza tu. Kwa mtindo huu nauondoa ukuta, na uani panaonekana: kila mpangaji na jiko lake, nguo zimeanikwa, mtoto anaogeshwa kwenye beseni, mwenye nyumba amesimama mlangoni akidai kodi. Vyote kwa pamoja, kama vinavyotokea.

Na vinapotea upesi. Vijana wengi hawajawahi kuona chai maharage, yale magari ya miaka ya 1980 ambayo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba watu kutoka Kimara hadi Kivukoni, na njia yote ikabadilika sura. Barabara ikipanuliwa, kibanda cha kinyozi kinavunjwa pamoja na picha za mitindo ya nywele zilizochorwa mlangoni. Nani ataweka kumbukumbu yake? Picha zetu nyingi hukunjwa na kupanda ndege. Ndiyo maana wachoraji walihamia kwenye kitambaa: hadibodi haiingii kwenye begi la mtalii.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Lubumbashi, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo, katika miaka ya 1970 watu wa kawaida walinunua picha na kuzitundika sebuleni. Huko ndiko mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikochora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja, na wateja wake wa kila siku walikuwa watu wa mjini humo. Watu kama hao hawana sifa tu za kumpa mchoraji, wanaweza hata kumbishia. Mteja wa namna hiyo ndiye ninayemtaka, kwa kuwa mtalii hana cha kunibishia kuhusu Temeke.

Sasa nakata hadibodi ndogo zinazoenea juu ya kochi, na ninakopesha: nusu leo, nusu mwisho wa mwezi. Mama lishe mmoja wa Mtoni aliagiza kibanda chake. Alipokuja kukitazama alisema sufuria ni dogo, wali huo haulishi mafundi wote wale niliowapanga kwenye benchi, na yule muuza mkaa wa jirani yuko wapi? Tulipatana kwamba mkaa utaingia bila kuongeza bei. Sufuria nimelikuza. Benchi nalo nimelirefusha, maana alinikumbusha kwamba Ijumaa wateja wanakuwa wengi zaidi, na picha aliyoiagiza ni ya Ijumaa.